Goti la Mama, Mlango wa Gari

Mtu akifungua mlango wa mbele wa kushoto wa Toyota Raum ya toleo la pili, lile lililoingia sokoni Japani mwaka 2003, kisha akauvuta nyuma ule unaofuata, anakuta upande mzima uko wazi. Nguzo ya chuma inayosimama kati ya milango miwili katika magari mengine haipo; imefichwa ndani ya milango yenyewe. Sakafu iko chini, kiti kiko karibu na usawa wa nyonga, na mama wa miaka 70 mwenye goti linalouma anageuka, anaketi, anaingiza mguu mmoja, kisha wa pili. Hakuna kuinama, hakuna kupanda, wala hahitaji kijana wa kumsukuma kwa nyuma.

Gari hilo halina sura ya kupigia picha. Toyota iliibuni Raum kwa ajili ya Japani, nchi yenye wazee wengi kuliko karibu nchi zote duniani, na ikafikiria mikono iliyopungua nguvu na viuno vilivyokaza. Miaka michache baadaye magari hayohayo yalianza kushuka bandarini Dar es Salaam kwa maelfu kama mtumba wa kawaida, yakamwagika mitaani bila mtu kuulizia mlango ule ulikusudiwa nani. Kijana akifika yadi leo huipita Raum akielekea kwenye Crown au Harrier. Akinunua lake mwenyewe, hana kosa. Akiwanunulia wazazi, ndipo hesabu inapotakiwa kuanzia mahali pengine: kwenye goti la atakayeketi, kwenye njia ya kufika nyumbani, na kwa fundi aliye karibu na nyumba hiyo.

Kila Desemba barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa watoto wanaorudi kwao kula sikukuu. Januari inapofika, si magari yote yanayorudi mjini. Mengine huachwa uani kwa wazazi, na mara nyingi linaloachwa ni lile ambalo mtoto amekwisha kulichoka: giaboksi inaanza kuchelewa kushika, tairi zimeisha, taa ya injini inawaka tangu Pasaka. Baba anapokea, anashukuru, anabariki. Miezi miwili baadaye gari limeegeshwa chini ya mgomba na kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Zawadi ya namna hiyo humgharimu mzee zaidi ya nauli ya bodaboda.

Wanaonunua kabisa, kwa fedha yao na kwa nia njema, nao huangukia shimo jingine. Huchagua kwa macho ya kijana. Wanataka gari litakaloonekana kanisani au msikitini, majirani waseme mtoto wa fulani kafanya jambo. Heshima hiyo ina thamani yake, na mzee asiyeipenda ni nadra. Lakini Prado iliyoinuka juu humfanya mama asiye na nguvu za miguu ashike mlango kwa mikono miwili na kuomba msaada kila anapokwenda kliniki, na Mark II ya chini humzamisha kitini kiasi kwamba kutoka kwake ni kazi ya watu wawili. Kipimo ni rahisi na hakihitaji fundi: mzazi aketi kitini huku mlango uko wazi, miguu ikiwa nje. Nyayo zikigusa chini zote mbili na magoti yakakunjika kama yanavyokunjika kwenye kiti cha sebuleni, urefu umefaa. Nyayo zikining'inia, gari liko juu. Magoti yakipanda kuelekea kidevuni, liko chini mno.

Kwa kipimo hicho magari ya familia yenye paa refu na mlango wa kuvuta hushinda karibu kila mara. Mbali na Raum kuna Sienta, iliyoanza mwaka 2003 ikiwa na viti saba katika mwili mdogo, na Porte ya mwaka 2004, ambayo upande wake wa kushoto una mlango mmoja mkubwa wa kuvuta unaofunguka kwa umeme na kumhudumia wa mbele na wa nyuma pamoja. Kwa kuwa Tanzania, Kenya na Uganda huendesha upande wa kushoto kama Japani, mlango huo hufungukia ukingoni mwa barabara, mbali na magari yanayopita. Wapo hata wanaokutana na toleo liitwalo Welcab, jina ambalo Toyota huyapa magari yaliyorekebishwa kwa ajili ya wazee na walemavu: kiti cha mbele huzunguka kikatazama nje, vingine hushuka kabisa kumfuata mtu chini, na baadhi ya Noah zina njia ya kupandishia kiti cha magurudumu. Ni vifaa vya ajabu vinapofanya kazi. Mota ya kiti ikifa Songea, hata hivyo, hakuna duka la spea litakaloijua, na kiti kinaweza kubaki kimetazama pembeni. Kwa mzazi anayehitaji kifaa hicho kweli, kinunuliwe. Kwa mwenye goti la kawaida la uzee, mlango mpana unatosha.

Kisha ije njia ya nyumbani. Lami ya kutoka Mombo kupanda Lushoto ni nzuri, kona zake ni za kuheshimu, na gari lolote dogo lenye breki nzima huipanda. Tatizo huanza lami inapoachwa. Kilomita mbili tatu za mwisho, zenye udongo mwekundu, mfereji uliochimbwa na masika na jiwe moja linalojulikana na kila dereva wa eneo, ndizo zinazoamua. Magari mengi madogo ya Japani huinuka kati ya sentimita 14 na 16 kutoka ardhini yakiwa matupu. Yakibeba watu wazima wanne, gunia la mchele na mkungu wa ndizi, nafasi hiyo hupungua, na sampo ya oili hukutana na jiwe lile.

Mafundi wana dawa yao: kuweka spesa juu ya springi ili gari liinuke. Hufanyika kila mji na husaidia, ila kila kinachoinuliwa hubadilisha pembe ya shafti za magurudumu, na shafti inayofanya kazi imepinda huchakaa mapema. Fundi mwaminifu huinua kidogo na kumwambia mwenye gari hivyo. Fundi mwingine huinua hadi gari linafanana na mbuni, anapokea pesa yake na kwenda zake.

Pale ambapo njia ni mbaya kweli, kama vijiji vingi vya milimani mvua inaponyesha, mjadala wa goti lazima usogee kidogo. RAV4 ya zamani, Suzuki Escudo, Toyota Rush au Nissan X-Trail ya kwanza, ambayo huinuka sentimita 20 hivi, zitafika mahali ambapo Raum itarudi nyuma. Gharama yake ni ngazi ya kupandia na mafuta zaidi. Familia nyingine hutatua kwa fedha kidogo kuliko bei ya gari kubwa: huchonga na kumwaga kifusi kwenye ile mita 200 mbaya ya kuingia nyumbani, kisha hununua gari dogo. Watu hawalifikirii hilo vya kutosha.

Suala la fundi ndilo linalosahaulika zaidi, kwa sababu mtoto anayenunua anaishi mjini, ambako kila gari lina fundi wake na gereji za Gerezani ziko umbali wa nauli moja. Kijijini au mji mdogo hali ni nyingine. Fundi wa pale sokoni anajua injini anazozifungua kila wiki. Injini ya Toyota ya 1NZ, ya ujazo wa lita 1.5, ndiyo iliyomo kwenye Raum ya pili, kwenye IST, kwenye Probox, Sienta, Fielder na baadhi ya Vitz. Kwa hiyo pampu ya maji au koili inayotakiwa leo haihitaji kuagizwa. Ipo dukani, na kama haipo itatumwa kwa basi la usiku na kufika asubuhi. Hesabu hiyohiyo ndiyo inayowafanya mafundi wengi wakunje uso wakisikia D4. Ni mfumo wa Toyota unaopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, na ulitumika kwenye baadhi ya injini za lita 2.0 za Noah, RAV4 na Premio za miaka ya mwanzo ya 2000. Ukiwa mzima haudai mafuta mengi. Ukilishwa petroli chafu kutoka kwenye kidumu cha barabarani huanza kusuasua, na pampu yake ya shinikizo si kitu cha kubahatisha.

Giaboksi nazo zinataka swali lake. Otomatiki ya kawaida ya gia nne, kama iliyomo kwenye Raum na IST ya kwanza, imekwisha kuzoeleka. CVT, isiyo na gia bali mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili, hutaka oili yake maalumu. Fundi asiyejua tofauti akiijaza oili ya otomatiki ya kawaida, ataua giaboksi ambayo haikuwa na shida yoyote alipoifungua. Honda Fit na Nissan Note ni magari mazuri yenye nafasi kubwa ndani kuliko yanavyoonekana nje, na wapo wazee wanaoyatumia kwa raha, lakini wengi wao wanaishi mjini. Kuhusu magari ya Ulaya ambayo huuzwa kwa bei ya kuvutia baada ya miaka kumi, inatosha kusema kwamba bei hiyo imeshuka kwa sababu.

Sasa bei, na hapo ndipo namba inapoingia. Mtanzania akiulizia gari la mkononi, swali la kwanza ni namba gani: C, D au E? Namba za Bara huanza na T, zikafuata tarakimu tatu na herufi tatu, na herufi ya kwanza kati ya hizo tatu husogea kadiri magari yanavyosajiliwa. Gari la namba E limeingia nchini karibuni kuliko la namba C, na dalali hulipandisha bei kwa sababu hiyo tu. Kinachojulikana pale ni tarehe ya usajili. Umri wa gari ni habari nyingine kabisa. IST iliyotengenezwa 2004 ikasajiliwa nchini miaka 17 baadaye huvaa namba ya kisasa na kuonekana kijana. Bado ni gari la 2004. Kwa upande mwingine, haijakaa muda mrefu kwenye mashimo yetu, na hilo nalo lina uzito. Mwaka halisi uko kwenye kadi ya gari, na mara nyingi kwenye lebo ndogo iliyoshonwa chini kabisa ya mkanda wa kiti. Hati za Kijapani huandika mwaka kwa enzi ya mfalme, kwa mfano H16. Ukijumlisha 16 na 1988 unapata 2004.

Nani anaruhusiwa kuagiza la mwaka gani hutegemea upande wa mpaka. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, kanuni ambayo imo katika kiwango cha KS 1515 cha shirika lake la viwango, KEBS. Kwa hiyo Raum, ambayo Toyota iliacha kuitengeneza mwaka 2011, Mkenya hawezi tena kuiagiza. Anayetaka mlango wa kuvuta ataangalia Sienta ya toleo la 2015 au Porte za mwisho. Tanzania haikufunga mlango, ila inatoza. Juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, kuna ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini, kisha ushuru wa uchakavu kwa gari lenye miaka minane na kuendelea, mkubwa zaidi likizidi miaka kumi. Vyote vikijumlishwa, kodi ya gari dogo lililozeeka hukaribia thamani yenyewe ya gari. Na thamani hiyo hukadiriwa na mamlaka ya mapato, TRA, kwa mfumo wake, ambao mtu anaweza kuufungua mtandaoni akaingiza aina, mwaka na injini kabla hajatuma hata dola moja Japani. Viwango huguswa Bajeti inaposomwa Juni, basi anayeagiza Mei akadirie akijua gari lake linaweza kufika Julai.

Kwa nini Wajapani huyatoa magari mazima? Sababu mojawapo ni ukaguzi wao wa lazima, uitwao shaken: gari jipya hukaguliwa likifikisha miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama yake pamoja na kodi na bima humfanya mwenyewe aone afadhali kuuza. Gari huenda mnadani, hukaguliwa na kuandikiwa karatasi yenye daraja. Nne na nusu ni safi, tatu na nusu limetumika kiasi, na herufi R ina maana limewahi kugongwa na kutengenezwa. Muuzaji akisema karatasi hiyo haipo, haina maana gari ni bovu, lakini bei ishuke.

Wengi, hata hivyo, hawaagizi. Hununua mkononi kwa mtu, na hapo siku ya kulikagua gari ndiyo siku yenyewe.

Fundi anayefaa kufuatwa siku hiyo ni yule asiyejuana na dalali. Kitu cha kwanza atakachofanya, kabla ya kuwasha, ni kuweka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, mwenye gari ameliwasha mapema, na injini ya moto huficha mengi: kuwaka kwa shida, kugonga asubuhi, moshi wa kwanza. Linaachwa lipoe, hata kama ni kungoja chai iishe. Kisha anafungua kifuniko cha oili na kukitazama kwa chini. Utando mzito wa rangi ya maziwa ya chai ni dalili ya maji kukutana na oili. Anafungua rejeta, ikiwa baridi, na kutafuta mafuta yanayoelea. Halafu ufunguo unazungushwa hatua moja bila kuwasha injini, na macho yote yanaenda kwenye dashibodi. Taa ya injini lazima iwake hapo, izimike injini ikishawaka. Ikibaki inawaka, kuna kasoro iliyorekodiwa. Isipowaka kabisa, mambo ni mabaya zaidi, kwa kuwa huenda mtu ameing'oa ili isiseme.

Likiwaka, mmoja husimama nyuma kutazama moshi. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe mzito usiokoma hata injini ikishapata joto ni maji. Gia ikihamishwa kutoka P kwenda R, kisha D, gari lisiruke. Usukani ukikatwa hadi mwisho na gari likazungushwa polepole uwanjani, mlio wa ka-ka-ka kutoka gurudumu la mbele ni shafti iliyochoka. Barabara ya vumbi itasema habari za bushi na boljointi bila kuulizwa.

Ajali hutafutwa kwa kucha. Bolti zinazoshika boneti na mabawa ya mbele hupakwa rangi pamoja na bodi kiwandani. Rangi ikiwa imechubuka kwenye kichwa cha bolti, spana imepita hapo. Sumaku ndogo isiposhika kwenye bati, chini kuna puti. Kwa Raum inafaa kutazama kwa makini zaidi upande ule wa kushoto usio na nguzo: pengo kati ya milango miwili liwe sawa juu hadi chini, na mlango uteleze bila kukwama, kwani gari lililopigwa ubavu huo haliwekwi sawa kirahisi. Na mafuriko hutafutwa kwa kuvuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake. Mwenye gari anaweza kuosha zulia, kubadili viti na kupulizia manukato, lakini ni wachache wanaokumbuka kuosha kile kipande cha mkanda kinacholala kimejikunja ndani, na tope lililokaukia pale huacha mstari.

Kilomita ni somo la peke yake. Kurudisha mita nyuma ni kazi ya dakika chache kwa mwenye kompyuta, kwa hiyo ile 78,000 inayong'aa isiaminiwe kabla ya kusoma gari lenyewe. Mpira wa pedali ya breki ulioisha hadi chuma kuonekana hauendani nayo. Wala usukani uliong'aa kwa jasho. Wakati mwingine karatasi ndogo ya gereji ya Japani bado imebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva au chini ya boneti, ikionyesha kilomita za siku oili ilipobadilishwa. Maandishi ni ya Kijapani lakini tarakimu ni hizihizi. Ikionyesha 112,000 na mita inasoma 78,000, mazungumzo yamekwisha.

IST inastahili tahadhari yake. Ni gari imara, dogo, lenye spea kila kona, na uzuri huohuo uliifanya ipendwe na madereva wa teksi za mtandaoni tangu huduma hizo zilipoingia Dar es Salaam mwaka 2016. Iliyofanya kazi hiyo imekimbia usiku na mchana. Kiti cha dereva kimezama upande mmoja, gundi ya kishikio cha simu imeacha duara kwenye dashibodi, na milango ya nyuma imelegea kuliko ya mbele, jambo lisilo la kawaida kwa gari lililoitwa la familia. Noah nayo ilibeba abiria miaka mingi kati ya miji na vijiji vya Kaskazini. Mashimo ya bolti sakafuni ambayo hayana kiti, na roleri za mlango zilizokwisha, husimulia kazi hiyo. Haina maana zisinunuliwe. Zinunuliwe kwa bei ya gari lililofanya kazi.

Makaratasi hayana starehe lakini ni mepesi siku hizi. Namba ya chesisi iliyopigwa kwenye bati ifanane na ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Jina kwenye kadi liwe la anayeuza, au awepo mwenye jina. Faini za trafiki ambazo hazijalipwa husomeka mtandaoni kwa namba ya gari, madeni ya maegesho vilevile, na bima huhakikiwa kwenye mfumo wa mamlaka ya bima, TIRA, badala ya kuamini stika. Mkataba upitie kwa wakili, umiliki uhamishwe TRA bila kungoja. Magari yanayouzwa mara tatu huku kadi ikiwa na jina la mtu wa kwanza ni mengi, na mzee kusimamishwa na askari Same akiwa na kadi ya mtu asiyemjua ni fedheha isiyo na sababu.

Jina la nani liandikwe, hilo familia iliamue mapema. Watoto wengine huandika lao, wakiogopa shamba na gari kuuzwa pamoja mambo yakibana, au ndugu kugombana baadaye. Wengine huandika la baba kwa kuwa zawadi ni zawadi. Vyote hufanyika. Kisichofaa ni kumwambia baba "gari ni lako" kisha akagundua kwa wakala wa bima kwamba si lake.

Halafu kuna kuliandaa. Baba aliyeendesha Land Rover 109 ya shirika la umma kwa miaka 20 anajua gari kuliko mtoto wake, lakini mguu wake wa kushoto bado unatafuta klachi. Kwenye otomatiki hakuna klachi, na mguu huo ukikanyaga breki kwa nguvu ile ya zamani, kila aliyeketi nyuma anahamia mbele. Siku mbili za mazoezi uwanjani, mguu wa kushoto ukiwa umevutwa nyuma kabisa, huondoa hilo. Mtoto mwenye busara humwacha mwingine awe mwalimu, maana mzee hapendi kufundishwa gari na mtoto ambaye yeye ndiye alimfundisha kutembea. Taa za mbele zilizogeuka njano zisafishwe au zibadilishwe, kwa kuwa macho ya uzeeni huona vibaya usiku hata taa zikiwa safi. Tairi zisomwe tarehe: tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu, kama 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama kashata zake bado ndefu.

Redio nayo. Redio nyingi za Japani zilitengenezwa kushika FM kuanzia 76 hadi 90, wakati stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo hadi 108. Mzee atazungusha kitufe siku nzima akitafuta taarifa ya habari ya saa mbili na kupata stesheni moja inayokwaruza. Kuna kifaa kidogo cha kugeuza masafa, na kuna redio nzima za kubadilisha. Bei ya kifaa hicho kidogo ni ndogo kuliko ya tairi moja. Kile kisanduku cha kulipia barabara za Japani, kinachomsalimu dereva kwa Kijapani kila anapowasha, kinaweza kung'olewa siku hiyohiyo, ingawa wapo wazee walioamua kibaki kwa sababu wajukuu wanakipenda.

Fedha ya kuliendesha izungumzwe wazi. Gari dogo la lita 1.3 au 1.5 hutembea kilomita 12 hadi 15 kwa lita barabara ikiwa nzuri, na oili inataka kubadilishwa kila kilomita 5,000 hivi. Kwa anayekwenda gulioni Jumamosi, ibadani, na mara moja kwa mwezi kliniki ya KCMC au Bugando, si mzigo mkubwa, lakini ni mzigo wa kila mwezi kwa mtu ambaye pensheni yake ilipangwa bila gari. Watoto wanaochangia mafuta kama wanavyochangia dawa huona gari likitembea. Lisilotembea huoza betri, tairi na breki mahali lilipo.

Na kabla halijaondoka mjini, ufunguo wa pili. Magari mengi hufika yakiwa na mmoja tu, na mengi ya miaka hii yana chipu ndani ya ufunguo. Kuchonga chuma hakutoshi, lazima wa pili usajiliwe kwa mashine. Mjini ni kazi ya saa moja. Kule nyumbani, ule mmoja ukidondokea shambani, gari litavutwa hadi mji wenye mashine hiyo, kwa gharama inayoweza kuzidi ya funguo kadhaa. Wa pili ukikaa kwa mama, atajua alipouweka.